UZI: Filamu za walionaswa chini ya ardhi. Ipi imepatia na ipi imechemsha?

Kifusi_Halisi (mleta uzi)

Wadau salaam. Nyuzi nyingi za filamu za aina hii huishia kwenye "kali sana, itafute". Hapa tuzipime kwa mambo manne tu: hewa, maji, chakula na shimo la kutokea. Mwigizaji kulia vizuri hiyo ni habari nyingine.

Naanza na The 33 (2015) ya Patricia Riggen, ile aliyocheza Antonio Banderas. Tukio lenyewe mnalijua: mgodi wa San José, jangwa la Atacama huko Chile, 5 Agosti 2010. Watu 33 walibaki karibu mita 700 chini na wakakaa humo siku 69.

Hewa haikuwa tishio la kwanza, kwa sababu nyuma ya kifusi kulibaki barabara ndefu za mgodi zikiwa wazi. Filamu imepatia kwa kutowafanya watu wahemee roho siku ya pili. Kilichowatesa ni joto la zaidi ya nyuzi 30 pamoja na unyevu, ngozi ikaota ukungu. Maji waliyatoa kwenye matangi ya mashine, yana ladha ya mafuta, lakini yalikuwepo.

Chakula ndipo penye ufundi. Akiba ya kimbilioni, yaani chumba cha dharura cha mgodini, ilikuwa ya siku mbili tatu. Wakaigawa vijiko viwili vidogo vya jodari wa kopo, funda la maziwa na biskuti, kila baada ya saa 48. Kwa mgawo huo walifika siku ya 17, 22 Agosti, mtambo ulipowatobolea. Filamu inaonyesha mgawo huo kwa karibu, kijiko kikipita mkono kwa mkono. Na ile ya ngazi za bomba la hewa kuishia njiani si chumvi ya mwandishi, ilitokea kweli: walipanda wakakuta ngazi hazipo.

Nilipoona imechemsha ni kwenye uchorongaji, yaani kutoboa mwamba kwa mtambo. Wanaonyesha mtambo unazunguka, watu wanakata tamaa, halafu shangwe. Kazi nzima ya mafundi imemezwa hapo.

Mchorongaji

Mkuu umegusa penyewe. Ngoja niijaze hiyo nafasi.

Tundu la kwanza lilikuwa la inchi 5.5, kama sentimita 14. Kwa nini dogo? Kwa sababu hujui watu wako wapi, na tundu dogo linakwenda haraka, kwa hiyo unaweza kutoboa mengi na kukosea mengi. Fimbo za mtambo zikishapita mita mia kadhaa zinapinda. Ukikengeuka asilimia 2 tu kwa mita 700, umekosa kwa mita 14, na unatafuta barabara ya mgodi yenye upana wa mita chache. Juu ya hapo michoro ya mgodi ikiwa ya zamani unalenga ukuta. Ndiyo maana walikosa mara kadhaa kabla ya kupata, na ile karatasi ya wino mwekundu, "tuko salama kimbilioni, sote 33", ikapanda ikiwa imefungwa kwenye ncha ya mtambo.

Baada ya hapo ziliwekwa njia tatu kwa pamoja, A, B na C, kila moja na mtambo wa aina yake. B ndiyo iliyoshinda, kwa mtambo wa Schramm T130. Ujanja wake ni kwamba haikuanza upya. Ilichukua tundu dogo lililokwishafika, ikalipanua hadi inchi 12, kisha hadi inchi 28 hivi. Ukipanua tundu lililopo, mawe yaliyosagwa hayapandi juu, yanadondoka mgodini. Waliokuwa chini ndio waliokuwa wakiyazoa kwa mashine zao, zamu kwa zamu, usiku na mchana. Yaani waliochimbiwa walifanya nusu ya kazi. Mwandishi wa filamu aliliachaje jambo hilo?

Na kuna mahali nyundo ya mtambo iligonga nondo za kuimarisha mgodi ikavunjika, vipande vikaziba tundu. Walitengeneza chombo chenye meno kama miguu ya buibui, wakakishusha, wakakibana kikavikamata vipande na kuvitoa. Hilo peke yake ni dakika 15 za filamu nzuri.

9 Oktoba shimo likafika. Mita za juu hamsini na kitu zikavalishwa bomba la chuma kwa sababu mwamba wa juu ulikuwa na nyufa. Kapsuli ya Fénix, chombo cha kuwapandisha watu juu, ilikuwa na upana wa sentimita 54, ina magurudumu yenye springi pembeni ili isisugue ukuta, mitungi ya oksijeni, simu, na mlango wa chini wa kutokea endapo ingekwama. Mtu alitakiwa awe na kiuno kisichozidi sentimita 90. Wa kwanza na wa mwisho walitoka tarehe 13 Oktoba, siku hiyo hiyo.

Nahodha wa Sofa

Kwa hiyo mwenye kitambi angebaki? 😂

Mchorongaji

Kwa mgawo wa kijiko cha jodari hakuna aliyebaki na kitambi, kaka. Hofu ilikuja baadaye, chakula kilipoanza kushushwa kwa bomba. Waliwekewa mazoezi.

Zamu ya Usiku

Kwenye chakula niongeze, maana karibu kila filamu inachemsha hapa. Mtu kaokolewa, kaketishwa, kapewa sahani iliyojaa, watu wanapiga makofi. Hiyo sahani inaweza kumuua.

Mwili ukikaa bila chakula siku nyingi unajiendesha kwa mafuta, na akiba ya fosfeti, potasiamu na vitamini B1 inakwisha kimyakimya. Ukiupa wanga mwingi ghafla, insulini inapanda na kuvuta fosfeti na potasiamu kutoka kwenye damu kuingia kwenye seli. Damu inabaki tupu, moyo unapoteza mapigo. Anakufa siku ya pili au ya nne baada ya kuokolewa, ndugu wanasema karogwa. Chile walianza kwa maji ya glukosi na vidonge vya kulinda tumbo, kisha chakula kikaongezwa polepole. The 33 imelipitia hili kwa mbio lakini angalau haikudanganya.

Sasa Buried (2010) ya Rodrigo Cortés. Ryan Reynolds peke yake kwenye jeneza huko Iraki, simu na kiberiti mkononi. Ilipigwa Barcelona kwa siku 17, wakatumia majeneza saba ili kamera ipate pa kupita. Anayetaka kuitazama aruke sehemu hii.

Chukua sanduku la mita 2 kwa 0.7 kwa 0.5. Ni lita 700. Toa mwili lita 80, zinabaki 620. Mtu aliyetulia anatumia oksijeni lita 15 kwa saa na kutoa hewa ukaa lita 12 hivi. Baada ya saa mbili na nusu hewa ukaa imefika asilimia 5 na oksijeni imeshuka hadi 15. Kwa oksijeni 15 mtu bado anaweza kufikiri. Kwa hewa ukaa 5 kichwa kinapasuka, anahema kama aliyekimbia, na hofu inapanda yenyewe hata asipotaka. Kwa hiyo anachokisikia mtu ndani ya sanduku kwanza ni sumu ya pumzi yake mwenyewe, wakati oksijeni bado ipo. Akipiga kelele na kusukuma kifuniko, gawanya muda huo kwa mbili au tatu. Na ule moto wa kiberiti unakula hewa inayokaribia ya mtu mwingine aliyelala humo. Angeuwasha mara moja, akaona alichonacho, akauzima.

Kwa hiyo dakika 95 za filamu kwa upande wa hewa zinawezekana. Imepatia kwa muda, imechemsha kwa kiberiti. Na kwa kifuniko: mita moja ya mchanga juu ya ubao wa ukubwa huo ni zaidi ya tani mbili. Mbao ile ingelia mapema.

Kifusi_Halisi

Daktari umetuharibia usingizi lakini endelea kukaa karibu.

BintiPango

Tuje Tham Luang, Thailand. Watoto 12 na kocha wao waliingia pangoni 23 Juni 2018, mvua ikafunga njia, wakapatikana 2 Julai, wakatolewa 8 hadi 10 Julai. Filamu ziko kadhaa. Mbili za kutazama ni Thirteen Lives (2022) ya Ron Howard na The Rescue (2021), ya matukio halisi, ya Elizabeth Chai Vasarhelyi na Jimmy Chin.

Watu wanashangaa siku tisa bila chakula. Siku tisa bila chakula kijana mzima anazimudu. Kilichowaokoa ni maji: walikunywa yanayodondoka kutoka darini badala ya yale ya mafuriko miguuni pao, ambayo yangewaharisha, na kuharisha ndiko kungewamaliza. Walizima tochi kwa zamu na kukaa kwa kubanana. Walijaribu pia kuchimba ukuta kwa mawe. Inafariji roho, lakini inakula hewa. Oksijeni ilishuka hadi asilimia 15, na namba hiyo ndiyo iliyoondoa wazo la kusubiri mvua ziishe miezi minne.

Kuwatoa sasa. Thirteen Lives imepatia jambo ambalo filamu ya kawaida ingeona aibu kulionyesha: watoto walitolewa wakiwa wamelazwa usingizi wa dawa. Daktari Richard Harris, mtaalamu wa usingizi kutoka Australia, aliwapa kwanza kidonge cha kutuliza, kisha sindano ya ketamini, na atropini ya kukausha mate. Atropini ilikuwa ya lazima kwa sababu ketamini inazidisha mate, na mate ndani ya barakoa ya uso mzima, mtu akiwa hajitambui, yanamzamisha. Mikono ilifungwa nyuma ili akizinduka asivue barakoa akamuua na mzamiaji pia. Safari ilikuwa ndefu kuliko dozi, kwa hiyo wazamiaji wenyewe walifundishwa kuongeza sindano njiani.

Walipochemsha ni maji. Kwenye filamu unaona mtu mita mbili mbele. Kule hawakuona hata kiganja, walipita kwa kupapasa kamba. Siwalaumu, huwezi kumuuzia mtu tiketi ya skrini ya kahawia. The Rescue nayo iliigiza upya baadhi ya matukio kwenye bwawa la studio, ila kwa kuwatumia wazamiaji wenyewe, na mikono yao inaonyesha.

Na msisahau Saman Kunan, aliyekufa 6 Julai akirudi kutoka kupeleka mitungi ya hewa. Alikuwa mwanajeshi wa majini mstaafu, na bado pango lilimshinda.

Shabiki wa Amitabh

Jamani mbona hakuna aliyetaja Wahindi? Kaala Patthar (1979) ya Yash Chopra tumeitazama hadi kanda zikakatika. Na Mission Raniganj (2023) ya Akshay Kumar. Zinasemaje kwenye vipimo vyenu?

Mchorongaji

Kaala Patthar ilizaliwa na msiba wa mgodi wa Chasnala, karibu na Dhanbad, 27 Desemba 1975, maji yalipovunja ukuta na kuua watu zaidi ya 370. Chanzo kwenye filamu kimepatia: tajiri anajua upande wa pili kuna maji na anaamuru wachimbe. Zile ngumi za katikati ya mafuriko ni zawadi ya mtazamaji, maji ya mgodini hayakupi nafasi ya ngumi.

Raniganj ni nzuri kuliko watu wanavyoisema. Tukio ni la Novemba 1989, mgodi wa Mahabir, Bengali Magharibi. Ulipuaji ulifungua maji ya machimbo ya zamani. Mhandisi Jaswant Singh Gill akashauri watoboe kutoka juu na kushusha kapsuli ya chuma ya mtu mmoja mmoja. Ilichomelewa haraka haraka, akaingia mwenyewe, wakatoka watu 65, yeye mwisho. Wimbo na fitina za maofisini unaweza kuzipitisha mbele. Wazo la kapsuli lilikuwapo tangu 1955 huko Gelsenkirchen, Ujerumani: mgodi wa Dahlbusch walitengeneza silinda nyembamba ya sentimita 38.5 ili wawatoe wachimbaji watatu. Jina la mgodi ndilo lililobaki kuwa jina la chombo. Fénix ni mjukuu wake.

Mafuriko yana somo jingine, la mgodi wa Quecreek, Pennsylvania, Julai 2002, nalo lilitengenezewa filamu ya televisheni mwaka huo huo. Watu tisa, ramani ya mgodi jirani uliotelekezwa ilikuwa ya zamani, wakautoboa. Waokoaji walitoboa kwanza tundu la inchi 6 hivi na kupuliza humo hewa ya kompresa, ya moto. Hewa ile ilifanya kazi tatu kwa mpigo: pumzi, joto, na shinikizo la kuyazuia maji yasipande. Kama ukigeuza glasi ukaizamisha kwenye ndoo, maji hayajai ndani. Shida inakuja baadaye, ukifungua shimo kubwa la uokoaji kabla hujavuta maji ya kutosha, hewa inatoroka na maji yanapanda. Kwa hiyo pampu lazima zitangulie. Walitoka wote tisa baada ya saa 77.

Zamu ya Usiku

Hewa tena, kwa sababu filamu zinazichanganya gesi zote kuwa "sumu". Methani ni nyepesi, inakaa darini, na inalipuka ikiwa asilimia 5 hadi 15 ya hewa. Hewa ukaa ni nzito, inalala chini, ndiyo inayowaua wanaoshuka kwenye visima na maduara (mashimo ya wachimbaji wadogo) ya zamani mmoja baada ya mwingine, kila mtu akimfuata mwenzake "aliyezimia". Baada ya moto au mlipuko inakuja kabonimonoksaidi, haina harufu wala rangi, na ndiyo inayoua wengi kwenye migodi ya makaa kuliko mlipuko wenyewe.

Kwa hiyo shujaa anayewasha njiti "kupima hewa" anapima kwa kujilipua. Na njiti ikiwaka vizuri haikuambii lolote kuhusu kabonimonoksaidi.

Nahodha wa Sofa

The Descent (2005) je? Wale viumbe weupe...

BintiPango

Achana na viumbe. Nusu ya kwanza ya Neil Marshall inatosha kumtia mtu jasho, na mapango yote yalijengwa studio Uingereza kwa sababu pango halisi lisingebeba kamera na watu bila hatari. Kosa lenye kuua liko kabla hata hawajashuka: kiongozi kawapeleka pango lisilojulikana huku taarifa waliyoacha inataja pango jingine. Anayekwenda pangoni huacha mambo mawili kwa mtu aliye juu, jina la pango na saa ambayo ikipita hajarudi waokoaji waitwe. Ukidanganya la kwanza, la pili halina kazi, watakutafuta mlima mwingine.

Kifusi_Halisi

Kwa wanaopenda nyeusi na nyeupe, Ace in the Hole (1951) ya Billy Wilder. Mwandishi wa habari anawashawishi watoboe kutoka juu ya mlima, kazi ya wiki nzima, badala ya kuegemeza kuta kwa magogo na kumfikia mtu chini ya siku moja. Anataka habari idumu. Filamu yenyewe inamtaja Floyd Collins, aliyenaswa Sand Cave, Kentucky, 30 Januari 1925. Mguu wake ulibanwa na jiwe la kama kilo 12 tu. Jiwe la kilo 12 unalibeba begani, ila lilikuwa mahali mkono haufiki. Njia ilipoporomoka hawakuweza tena kumpelekea chakula. Waliomchimbia shimo la pembeni walimfikia 16 Februari, amekwisha kufa.

Somo la kiufundi ambalo filamu imelipatia kabisa: njia fupi si lazima iwe ya haraka, na njia salama si lazima iwe ya kutoboa. Matimba mazuri, yaani magogo ya kuegemeza, yanashinda mtambo.

BintiPango

Kuna aina nyingine mmeisahau, waliojificha kwa hiari. No Place on Earth (2012) ya Janet Tobias, Wayahudi 38 waliowakimbia Wanazi kwenye mapango ya Ukraine, jumla siku 511. Pango la kwanza, Verteba, halikuwa na mkondo wa hewa, moshi wa kupikia uliwanyonga. Walichimba mlango wa siri wa nyuma, na huo ndio uliowaokoa wengi wao walipovamiwa. La pili lilikuwa na maji na hewa inayotembea, wakapeleka na jiwe la kusagia nafaka. Ukitaka kujua nini cha kutazama kwanza kwenye shimo la kukaa muda mrefu: moshi unakwenda wapi.

In Darkness (2011) ya Agnieszka Holland, mifereji ya majitaka ya Lwów (leo Lviv, Ukraine), miezi 14. Humo adui ni mvua. Ikinyesha mjini, maji yanapanda hadi shingoni ndani ya dakika.

Nzengo

Na yetu? Nyangalata, Kahama, 2015. Watu watano walitoka hai baada ya siku 41, kuanzia 5 Oktoba hadi 15 Novemba. Walikula mende, vyura, mizizi na magome, wakanywa maji yanayochuruzika kwenye mwamba. Siku 41 bila tundu la kushushiwa chakula, wakati wale wa Chile walikuwa wanapokea tangu siku ya 17. Mbona hii haina filamu kubwa? Na walisikikaje baada ya muda wote huo?

Mchorongaji

Walisikiwa na wachimbaji wenzao. Na hapo ndipo pa kuanzia filamu, mkuu, kwa sababu utafutaji ulikuwa umekwisha kukatiwa tamaa. Ni kama Courrières, Ufaransa, Machi 1906: watu 1,099 walikufa, wakubwa wakaamini hakuna aliye hai, na siku 20 baadaye wakatokea 13 wakitembea wenyewe. Walikuwa wamekula vyakula vya marehemu, kisha wakachinja farasi wa mgodini. Mwongozaji Pabst aliichukua mwaka 1931 akatengeneza Kameradschaft, ila akaihamishia mpakani kwa Wajerumani na Wafaransa wa baada ya vita.

Kwenye kusikika, kuna utaratibu wa wachimbaji wa Marekani ambao sijauona kwenye filamu yoyote kati ya hizi. Ukishindwa kutoka, jifungie upande wenye hewa na usikilize. Juu watalipua mara tatu. Ukisikia, gonga dari au nondo ya dari kwa nguvu mara 10, pumzika dakika 15, rudia. Ukisikia milipuko mitano, wamekusikia na wanakuja. Ile robo saa ni ya kuokoa hewa na nguvu, na pia ya kuwapa walio juu ukimya wa kusikilizia.

Nzengo

Na kwenye duara letu lisilo na nondo?

Mchorongaji

Gonga mwamba mzima, si kifusi. Kifusi kinameza sauti kama godoro. Jiwe kwa jiwe, mahali ambapo ukuta haujachimbwachimbwa. Na usigonge timba lililobeba dari.

Zamu ya Usiku

Na akitolewa, uji mwepesi kidogo kidogo na hospitali. Pilau ya kumpongeza isubiri.